Uso Unakaa Kwenye Kina: Hotuba kwa Wanaoanza Kuchonga Nyuso za Mti

Waheshimiwa walimu wa uchongaji mliopo hapa, nanyi ndugu zangu mnaoanza kazi hii leo, nawasalimu nyote kwa heshima. Nimeombwa niseme nanyi kabla hamjagusa chombo chochote, nami nimekubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu kuna jambo moja lililonichukua muda mrefu kulitambua, na laiti ningeambiwa siku yangu ya kwanza ningeokoa mbao nyingi. Jambo lenyewe ni kwamba uso wa mti haukai kwenye mistari tunayoichora. Unakaa kwenye kina. Macho na midomo, ambavyo kila anayeanza huvikimbilia, ni kazi ya mwisho. Kinachomfanya mtazamaji aseme kwamba huyu ni mtu ni mahali mbao ilipotokeza na mahali ilipozama, na jinsi mwanga unavyogawanyika kati ya mahali hapo pawili.

Nianze na chanzo cha kosa, maana kosa hili halitokani na uzembe. Mtoto mchanga hugeuza macho kufuata kitu chenye mpangilio wa uso kuliko kitu chenye madoa yaliyotawanyika ovyo, na uwezo huo tunakua nao hadi tunaona nyuso mawinguni na kwenye magome ya miti. Nukta mbili na mstari mmoja chini yake hututosha. Akili iliyozoea kutosheka na kidogo kiasi hicho humwambia mchongaji mpya kwamba akishapata macho mawili na mdomo ameshapata uso, naye hushika kisu na kufuata alama za penseli. Ndivyo nilivyofanya mimi. Nilichukua ubao bapa, nikachora uso juu yake, nikakata kila mstari kwa uangalifu kwa muda wa siku tatu, na nilipouinua na kuutazama kwa ubavuni sikuona pua, shavu wala kidevu. Niliona ubao uleule niliouanza nao, sasa ukiwa na mifereji. Nikadhani mifereji haitoshi, nikaongeza ya kope na ya nyusi, na kadiri nilivyoongeza ndivyo ubao ulivyozidi kuwa mchoro uliokwaruzwa.

Kabla sijaendelea, nawaomba kila mmoja wenu ainue mkono wake auguse uso wake mwenyewe, kwa sababu hakuna mchoro utakaowafundisha kile ambacho vidole vitawafundisha kwa dakika moja. Wekeni kidole kwenye mfupa wa nyusi na kingine kwenye mfupa wa shavu chini ya jicho hilohilo. Mkiweka rula ikaegemea mifupa hiyo miwili, mtaona kwamba imepita mbele ya jicho bila kuligandamiza, kwa kuwa jicho limekaa ndani ya shimo lake na mifupa inalilinda pande zote. Sasa telezesheni kidole kutoka ncha ya pua, kipite shavuni, kielekee sikioni. Hakuna mahali kilipotulia kwenye uwanda. Tangu kilipoondoka puani kimekuwa kikirudi nyuma, na mwisho wa safari kimefika ubavuni mwa kichwa. Guseni pia midomo, mhisi jinsi ilivyojipinda kufuata upinde wa meno, ili pembe za mdomo ziwe nyuma ya katikati yake. Na la mwisho, guseni kona ya ndani ya jicho, kisha kona ya nje, mhisi kwamba ile ya nje iko nyuma zaidi. Mambo hayo manne ndiyo ambayo uso wangu wa kwanza uliyakosa yote, na nyuso nyingi za kwanza nilizozishika mikononi tangu hapo zimekosa angalau matatu kati yake.

Vipimo navyo vina nafasi yake, ingawa nitavipitia haraka. Urefu wa kichwa chote, kutoka utosini hadi kidevuni, hugawanywa katikati na mstari wa macho. Wengi hukataa kuamini hivyo hadi wapime, kwa sababu nywele na paji la uso tunavitazama kidogo, na kwa hiyo wanaoanza huyapandisha macho juu mno na kumwachia mtu wao kichwa kisicho na mahali pa ubongo. Kutoka mstari wa nywele hadi nyusi, kutoka nyusi hadi chini ya pua, na kutoka chini ya pua hadi kidevu, ni mafungu matatu yanayokaribia kulingana. Mstari wa midomo uko kwenye theluthi ya kwanza ya fungu la mwisho. Kati ya jicho na jicho huingia upana wa jicho jingine. Sikio linaanzia kwenye usawa wa nyusi na kuishia kwenye usawa wa chini ya pua, nalo likitazamwa kwa ubavuni liko nyuma kidogo ya katikati ya kichwa, wala halishikani na shavu. Hakuna mtu halisi anayevitii vipimo hivi kikamilifu, na sura ya kila mtu ni jinsi anavyoviacha. Lakini anayeanza anahitaji kujua anaacha nini.

Kuhusu mti wa kuanzia, ushauri wangu ni mfupi: chagueni mbao laini, yenye nyuzi zilizonyooka na zilizoshikana, isiyo na mafundo. Wachongaji wengi wa Ulaya na Marekani huanza na miti ya jamii ya Tilia, ambayo mbao yake kavu, kwa ile aina ya Marekani, huwa na uzito wa takriban kilo 400 kwa mita moja ya ujazo, na ambayo hukatika vizuri hata kisu kikipita kukingama nyuzi. Mpingo, kwa upande mwingine, hupita kilo 1,200 kwa kipimo hichohicho, na ndiyo sababu kipande chake kikitupwa majini huzama. Mpingo hushika alama ndogo kabisa na hung'aa kama jiwe, na ninauheshimu sana, ila si mti wa kujifunzia. Mkono ambao bado haujajua uzito wa patasi utatumia nguvu nyingi, na nguvu nyingi ndiyo huleta jeraha. Mti laini kupita kiasi nao hausaidii, kwa kuwa huvunjikavunjika na kupondeka badala ya kukatika. Na jihadharini na gogo zima la mviringo ambalo bado lina kiini chake. Mbao inapokauka husinyaa kufuata duara zake za ukuaji wa kila mwaka karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea kwenye kiini, na tofauti hiyo haina pa kwenda isipokuwa kupasua gogo. Ukichonga uso mzuri juu ya gogo bichi lenye kiini, ufa unaweza kuja baada ya miezi na kupita katikati ya paji la uso. Afadhali gogo lipasuliwe nusu au robo, kiini kiondolewe, na mbao iachwe ikauke taratibu kivulini. Kanuni ya zamani ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene.

Sasa nije kwenye makali, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimewaona watu wenye jicho zuri na subira nyingi wakiiacha kazi hii kwa kuwa tu hawakujua kwamba vyombo vyao vilikuwa butu. Anayeanza hahitaji sanduku lenye patasi thelathini. Kisu kimoja chenye ncha, bobari mbili, yaani patasi zenye makali yaliyopinda kama nusu ya bomba, moja pana na moja nyembamba, na patasi moja yenye umbo la V vinatosha kwa nyuso kumi za kwanza. Lakini vinne hivyo lazima viwe na makali ya kweli. Jaribio lake ni rahisi: chukua kipande cha mbao laini, ukate kukingama nyuzi. Chombo chenye makali huacha uso laini unaong'aa kana kwamba umepakwa mafuta. Chombo butu huacha weupe wa nyuzi zilizopondwa, na chombo chenye pengo huacha mstari mmoja mweupe kila kinapopita, ukionyesha pengo liko wapi hasa. Noeni kwenye kinoo mkishika pembe moja bila kuyumba, kati ya digrii 20 na 25 kwa patasi, na chini ya hapo kwa kisu, hadi mtakapohisi ukingo mdogo wa chuma umejikunja upande wa pili. Kisha usugueni kwenye ngozi iliyopakwa dawa ya kung'arishia, mkivuta chombo kwa kukirudisha nyuma, kamwe msikisukume mbele, la sivyo kitaikata ngozi. Ngozi hiyo iwe mezani wakati wote. Mimi huirudia kila baada ya nusu saa hivi ya kazi, kabla sijaona dalili ya ubutu, na siku hizi ni nadra kurudi kwenye kinoo.

Makali hayo ndiyo pia ulinzi wenu wa kwanza. Kovu lililo chini ya kidole gumba changu cha kushoto nililipata kwa kisu butu: nilikuwa nimeshika kipande kiganjani, kisu kikagoma kwenye fundo, nikaongeza nguvu, na kilipoachia hakikuwa na mahali pengine pa kufika ila mkononi. Kisu chenye makali kingekata kwa nguvu ndogo ambayo ningeweza kuisimamisha. Kwa hiyo patasi ikitumika, mbao ibanwe mezani kwa jiliwa, yaani kibanio, na mikono yote miwili iwe nyuma ya makali. Kisu kikitumika, mkono ulioshika mbao uvae glovu isiyokatika kwa urahisi, na kidole gumba kiwe na kinga. Kabla ya kila mkato jiulizeni swali moja: chombo hiki kikiteleza sasa hivi, kitaishia wapi? Kama jibu ni mwilini mwangu au mwa aliyekaa karibu, badilisheni mshiko.

Pamoja na hayo, jifunzeni kuusoma mkondo wa nyuzi. Mbao ni kama fungu la mianzi membamba iliyogandamana. Makali yakishuka na nyuzi hutoa kibanzi kilichojikunja na kuacha njia laini. Yakipanda kinyume chake huingia kati ya nyuzi, nazo huanza kupasuka mbele ya chombo, mahali ambapo hamkukusudia. Uso una miteremko inayogeukia kila upande, hivyo ndani ya sentimita moja tu, mathalani kwenye mzizi wa pua, mtashuka kutoka juu na kusimama, kisha mtapanda kutoka chini mkielekea palepale, kwa sababu kila upande wa bonde hukatwa kuelekea chini ya bonde. Mbao ikianza kuraruka, msiilazimishe. Geuzeni chombo, mje kutoka upande wa pili.

Nimefika sasa kwenye njia ninayowaomba muianze nayo. Badala ya kuchonga uso kwenye upande bapa wa kipande, uchongeni kwenye pembe yake. Kipande cha mraba chenye sentimita 5 kila upande na urefu wa sentimita 15 kina pembe nne ndefu, na kila pembe ni mahali ambapo pande mbili zinakutana na kurudi nyuma. Hivyo ndivyo uso wenyewe ulivyo: pua imesimama mbele, mashavu yanarudi nyuma pande zote mbili. Mkiweka pua kwenye pembe, kina mlichokigusa muda mfupi uliopita kwa vidole vyenu mmepewa bure na mbao, kabla hamjakata chochote. Ni njia inayotumiwa na wachongaji wengi kufundishia, nami siifahamu nyingine inayomwondoa mtu kwenye ubapa upesi kuliko hii.

Kwenye pembe hiyo wekeni alama nne kwa penseli, kila moja ikiwa sentimita 2.5 kutoka nyingine: mstari wa nywele, nyusi, chini ya pua, na kidevu. Sehemu itakayobaki chini iwe mshikio wenu. Mkato wa kwanza ni kwenye alama ya nyusi, ambapo mnakata pengo lenye umbo la V kukingama pembe, na huo ndio mzizi wa pua. Mkato wa pili ni chini ya pua. Hapa mtatumia kile tunachoweza kukiita mkato wa kizuizi: kwanza makali yanashindiliwa wima ili kuzikata nyuzi, ndipo mnapokata kutoka chini kuelekea kwenye mkato huo, na kibanzi kinaanguka palepale kwenye kizuizi bila kuing'oa ncha ya pua. Rudieni mara mbili au tatu, mkiingia ndani kidogo kidogo. Kisha lisogezeni nyuma paji la uso ili litelemke kuelekea kwenye pengo la juu, na eneo lote la mdomo na kidevu lirudi nyuma ya ncha ya pua. Mkifika hapo mna kipande chenye mapengo mawili tu, bila jicho wala mdomo, na mkikitazama kwa ubavuni mtaona mtu. Nimewaona wanafunzi wakisita hapo kwa mshangao, wasitake kuendelea.

Hatua inayofuata ndiyo inayohitaji ujasiri, nayo ni kuzamisha mashimo ya macho. Chukueni bobari pana, mwanze pembeni mwa mzizi wa pua, mkachimbe chini ya nyusi kila upande, mkielekea nje na nyuma. Kila anayeanza huacha mapema. Anaona ameondoa mbao nyingi, anaogopa kuharibu, anaanza kuchora macho juu ya bonde lisilo na kina, na macho yake yanatokeza kama yamebandikwa juu ya ngozi. Mnapodhani mmefika, ondoeni tena nusu ya kiasi mlichokwisha kuondoa, ndipo mpime kwa rula kama mlivyopima kwenye nyuso zenu. Mbao iliyoondolewa hairudi, ni kweli, na ndiyo maana kazi hii ina heshima ya pekee kati ya kazi za mikono. Lakini katika nyuso za wanaoanza nimeona chache sana zilizoharibika kwa kuzama mno, na nyingi mno zilizoharibika kwa kutozama vya kutosha. Anayeogopa sana na aifinyange kwanza sura yake kwa udongo, ambao hukubali kuongezwa na kupunguzwa, aiweke mbele yake anapochonga.

Baada ya mashimo ya macho, punguzeni mbavu za pua ili mashavu yajitenge nayo, na muache kivimbe kizima, kama nusu ya yai, mahali pa mdomo. Msikate mstari wa midomo kabla kivimbe hicho hakijapinda vizuri kufuata meno yasiyoonekana yaliyo nyuma yake, kwa sababu mstari uliokatwa juu ya uwanda utabaki kuwa mpasuko, hata mkiupamba vipi. Mkunjo unaoshuka kutoka bawa la pua hadi pembeni mwa mdomo huwekwa wakati huu, kwa patasi ya V, na upande wa shavu ubaki juu kuliko upande wa mdomo. Mkunjo huo ukiwa na kina hubeba umri wa mtu kuliko mvi. Ukiwa mwepesi, mtu wenu atakuwa kijana. Na kila mara mnapoukata mstari wa katikati ya uso, uchoreni upya kabla ya mkato mwingine. Uso hupinda upande mmoja taratibu, bila mchongaji kujua, kwa kuwa mkono mmoja una nguvu kuliko mwingine na kila mtu ana upande anaoupenda kuukata.

Ili kuyaona hayo yote mnahitaji taa, na hili naliona muhimu kuliko chombo cha tano. Mwanga unaokuja kutoka mbele yenu hufuta kina, na uso wenye makosa huonekana sawa. Wekeni taa moja tu, juu kidogo na ubavuni, vivuli vianguke upande mmoja, kisha mkigeuze kipande taratibu mkikitazama. Kigeuzeni pia kichwa chini, kwa sababu akili iliyozoea kuona nyuso husamehe mengi uso ukiwa wima, na haisamehi hivyo ukiwa umepinduliwa. Wachongaji wa vinyago vya tamthilia ya Noh ya Japani, vinavyochongwa kwa mti uitwao hinoki, wameujua mwanga kwa namna ambayo kila nikiifikiria hunifanya niinamishe kichwa. Kinyago chao ni kimoja, hakina kiungo kinachosogea, lakini mwigizaji akikiinamisha kidogo huonekana kimeingiwa na huzuni, na akikiinua huonekana kinafurahi. Wenyewe huita kukiinamisha kukitia wingu, na kukiinua kukiangazia. Hakuna mstari uliobadilika. Kilichobadilika ni kivuli chini ya nyusi na kwenye pembe za mdomo, na mchongaji alikipanga kivuli hicho kwa kina alipokuwa na patasi mkononi.

Mfano mwingine unaonirudia ni sanamu ya Ka-aper, afisa na kuhani wa Misri ya kale, iliyochongwa kwa mti miaka ipatayo 4,500 iliyopita na kufukuliwa Saqqara mwaka 1860. Wachimbaji waliokuwa wakifanya kazi na Auguste Mariette, mwanaakiolojia Mfaransa, walipouona uso huo waliita sanamu hiyo Sheikh el-Beled, yaani mkuu wa kijiji, kwa jinsi ilivyofanana na mkuu wa kijiji chao wenyewe. Watu husifu macho yake, yaliyopachikwa kwa mawe yanayong'aa na kuzungushiwa shaba, na ni kweli yanashangaza. Lakini fumbeni macho hayo kwa kidole juu ya picha, mtazame kilichobaki: uzito wa mashavu, nyama iliyolegea chini ya kidevu, mdomo uliotulia. Mtu bado yupo. Naye Tilman Riemenschneider, mchongaji wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1531, aliziacha baadhi ya kazi zake za mti wa Tilia bila kuzipaka rangi za kawaida za zama zake, akaiachia mikunjo ya ngozi na mwanga wa dirisha vifanye kazi ambayo rangi ingefanya.

Kwa hiyo macho yawe ya mwisho, na yakifika zamu yake yachongwe kwa mpangilio huohuo. Jicho ni tufe, lenye kipenyo cha milimita 24 hivi kwa mtu mzima. Kwanza lichongeni tufe lenyewe ndani ya shimo lake, likiwa limefungwa, bila kope, kama yai lililolala kiotani. Likishakuwa mviringo kweli, likipinda kurudi nyuma kuelekea kona ya nje, ndipo mchore kope mbili juu yake na kuliteremsha jicho kidogo kati ya kope hizo. Kope ya juu ni nene na inatokeza zaidi, na kwenye kona ya nje huipita ile ya chini kwa kuifunika kidogo. Sehemu ya juu kabisa ya upinde wa kope ya juu haiko katikati. Imesogea kuelekea puani, na ile ya chini kabisa ya kope ya chini imesogea kuelekea nje. Mboni inaweza kuchimbwa tundu dogo kwa ncha ya kisu, ili kivuli kitengeneze weusi wake, au kuachwa bila alama yoyote. Binafsi, katika nyuso za kwanza, napendelea macho yaliyofumbwa. Uso uliolala unafundisha tufe na kope bila kumlazimisha anayejifunza kuyapatanisha macho mawili yatazame mahali pamoja, kazi ambayo inatosha kuchukua mwaka wake yenyewe.

Neno kuhusu msasa. Wengi huuona kama njia ya kurekebisha kazi, nao husugua hadi vilima na mabonde waliyoyatafuta kwa siku nyingi yakayeyuka kuwa kitu kimoja chenye utelezi. Uso uliomalizwa kwa patasi kali una vijiuwanda vingi vidogo, kila kimoja kikipokea mwanga kwa namna yake, nao huonekana hai. Zaidi ya hayo, chembe za msasa hubaki ndani ya nyuzi, na mkirudi na patasi zitaharibu makali kwa mkato mmoja. Na vumbi lake si la kuchezea: Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani uliliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hasa saratani ya ndani ya pua na ya mashimo ya hewa yanayoizunguka. Anayelazimika kusugua avae barakoa na aisafishe meza kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kupuliza. Mkipaka mafuta ya kitani mwishoni, msiviviringishe vitambaa mlivyotumia na kuvitupa kwenye pipa, kwa sababu mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandazeni nje vikauke, au vilowesheni majini.

Vipande viko mezani mbele yenu, kila kimoja kimeshawekwa alama nne kwenye pembe moja, na patasi zote zilinolewa jana usiku. Leo hatutachonga jicho hata moja. Kila mmoja atakata mapengo mawili, la mzizi wa pua na la chini ya pua, atalisogeza nyuma paji la uso na kidevu, kisha tutavipanga vipande vyote kwenye rafu ile ya ukutani, tuzime taa za darini, tuwashe ile moja ya pembeni, na tusimame upande huu wa chumba kuvitazama.